Vidonge Ndani ya Mto wa Kulalia

12 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti changu kilekile, mguu uko juu ya pedali na cherehani iko kimya. Hujambo huko vumbini? Na greda yako ya kuchonga barabara haijambo? Sisi tunaendelea. Mvua ya wiki iliyopita iliingia dukani kwa pembeni ikalowesha kitambaa cha mteja. Nikakianika, kikakauka na doa, na mwenyewe akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Fundi viatu wa mlango wa pili amepata mjukuu, na kila anayeleta kiatu kutiwa kiraka lazima kwanza aonyeshwe mtoto. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo ni sare tu: sketi, sketi, sketi, hadi nikifumba macho naona marinda.

Chiriku amekuwa mkubwa. Mwezi uliopita alitimiza kumi na tatu. Ungemwona ungedhani marehemu mama yake, dada yetu, amerudi shuleni: shingo ileile, na ule mwendo wa kuburuta kisigino. Jina bado ni lile alilopewa na mama yake kwa sababu ya mdomo wake, ila siku hizi halimfai tena. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu siwezi. Tunalala nyuma ya duka, na vyote vimetenganishwa na pazia tu.

Alipimwa damu kliniki. Majibu ni mabaya. Miaka yote hii virusi vilikuwa vimelala, sasa vimeamka na vimekuwa vingi. Muuguzi akaniuliza mbele ya mtoto, "Mama, dawa anameza kweli?" Nilikasirika. Kila asubuhi saa moja nampa kwa mkono wangu, na maji nampa mimi. Nikamjibu labda dawa zao ndizo zimechoka.

Jumapili nikaamua kufua mito. Wa kwake ulikuwa mzito upande mmoja. Nikafumua. Ndani ya pamba kulikuwa na vidonge, mdogo wangu. Nilihesabu nikafika themanini na kitu, nikaacha. Kumbe alikuwa anavificha chini ya ulimi, nikigeuka anavitoa. Na mto alikuwa ameushona tena kwa mshono wa kuficha, uleule niliomfundisha mimi likizo iliyopita, nikamsifu kwamba nikiwa na umri wake sikuweza hivyo.

Nilimsemesha kidogo. Tangu siku hiyo hasemi.

Usinipigie. Niandikie.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Huku barua zinaletwa na lori la mafuta, na lori lilikwama kwenye tope, hivyo kambi nzima tulikaa wiki tatu bila dizeli wala habari. Mimi mzima. Tumemaliza kilomita ya sitini, na sasa tumefika kwenye mawe. Greda inalia kama mtu anayeng'olewa jino. Mpishi wetu ametangaza kwamba anaacha kazi, kama anavyotangaza kila mwezi, halafu akaenda kupika. Nimenunua buti mpya, zinanibana.

Kuhusu Chiriku, mwambie ameze. Usimgombeze sana. Vidonge vile ni vikubwa, vinakwama kooni, na watu wengi wanakosea kwa kuinua kichwa kama kuku anayekunywa maji. Ainamishe kidevu kidogo, ndipo ameze. Maji yawe mengi. Ile ladha kama ya chuma inayobaki mdomoni inaondoka akitafuna kitu. Akianza upya anaweza kusikia kichefuchefu siku mbili tatu. Kitapita, asiogope.

Kuja siwezi kwa sasa, kazi imebana. Nisalimie fundi viatu na mjukuu wake.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa buti. Zijaze karatasi zilizolowa maji uziache usiku kucha, fundi viatu anasema zitalegea. Mjukuu wake ameanza kushika vidole na sote tumeshikwa.

Nimemwambia Chiriku habari ya kidevu, na imesaidia. Sasa anameza. Baada ya kumeza ananifungulia kinywa bila kuambiwa, ananitolea ulimi, anaufunga, anaondoka. Hakuna hata neno moja. Lakini niambie, hayo umeyajulia wapi? Ladha ya chuma umeionjea wapi?

Mwalimu wake wa darasa aliniita. Anasema mtoto hachezi. Wenzake wakitoka, yeye anabaki ndani, ameegemea ukuta. Alikuwa wa nne darasani, sasa ni wa thelathini na moja. Nimegundua na jambo jingine. Juzi niliishika chupa yake ya dawa, haikulia. Amejaza pamba juu ya vidonge ili visisikike upande wa pili wa ukuta, kwa majirani. Sijui alianza lini. Sikumfundisha hilo.

Jumamosi akasema kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nakata kola.

"Mama mkubwa, mama alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kifua."

"Na mimi naumwa kifua?"

"Kidogo."

"Kwenye ukuta wa kliniki kuna picha ya chupa kama yangu. Chini wameandika ni ya nini. Mimi najua kusoma tangu darasa la kwanza."

Mkasi ulinitoka mkononi. Muuguzi amekuwa akinisihi nimwambie tangu alipokuwa na miaka tisa, na mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, kilichobaki kilikuwa kuingia tu. Nikasema, "Maliza kazi ya shule." Hilo ndilo lililonitoka.

Akakusanya madaftari yake. Alipofika kwenye pazia akageuka. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu: "Nikifa utapumzika."

Nimejiuliza ameyapata wapi, kisha nikakumbuka. Nilimwambia mke wa fundi viatu kwamba nimechoka na kliniki, kwamba ningepata hata mwezi mmoja wa kupumzika ningeshukuru. Pazia halizuii sauti.

Mimi mwenyewe siko sawa. Nakaa na kitambaa mbele yangu nusu saa, mguu haukanyagi. Wiki hii nimeshona mkono wa shati ndani nje, nikafumua, nikaushona tena ndani nje. Asubuhi naamka nikiwa nimeshachoka. Nikiona watu wanacheka barabarani nashangaa, kama vile wanazungumza lugha nisiyoijua.

Sijawahi kukuuliza kwa nini hukuja kumzika dada yetu. Watu waliniuliza nikasema barabara ilikatika. Miaka minne nasema barabara. Hata leo sikuulizi. Nakwambia tu kwamba siku ile nilikuwa peke yangu, na sasa tena niko peke yangu.

Dada yako

2 Juni

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Labda lori limekwama, labda ni wewe uliyekwama. Salamu zitakuwa fupi leo, unisamehe.

Jumanne Chiriku alitoka na sare yake kwenda shule, hakufika. Mwalimu alituma mtu saa nne. Nilifunga duka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, nikatafuta sokoni, uwanjani, nyumbani kwa rafiki yake wa zamani. Mama wa yule rafiki akaniambia hawajamwona tangu mwaka jana, na hapo ndipo nilipojua kwamba hana tena rafiki. Nilipita hata kwenye lile shimo walikochimba kokoto, lililojaa maji. Nilisimama ukingoni nikaita. Sitaandika nilichofikiri pale.

Saa tisa mfagiaji wa kliniki akanipigia, ananifahamu. Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria tangu asubuhi, begi mapajani. Haikuwa siku ya watoto. Watu waliitwa wakaingia wakatoka, yeye amekaa tu. Mfagiaji alidhani anamsubiri mtu.

Mshauri nasaha wa pale, mama mmoja wa miwani mikubwa, alikuwa ameshazungumza naye. Aliniambia, "Nimemuuliza kwa nini amekuja. Amesema hapa ndipo mahali pekee asipoficha kitu."

Alitukalisha wawili. Nikapiga moyo konde nikasema yote, pamoja na jina la ugonjwa, kwa sauti. Nikamwambia alizaliwa nao, kwamba si kosa lake wala mama yake hakukusudia, na kwamba mama hakufa kwa kifua tu. Nilitegemea alie. Aliniangalia akasema, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mshauri akamuuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Mtoto akatikisa kichwa, lakini alichelewa kukitikisa. Sasa anamwona kila wiki, na ameniambia vitu gani niviondoe nyumbani, na maneno gani nikiyasikia nimpigie saa yoyote. Mkasi mkubwa naulaza kwa fundi viatu.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, nani anakuuliza habari zako?" Nikacheka. Halafu kicheko kikageuka, nikalia mpaka Chiriku akanisogezea karatasi za kufutia mikono. Mshauri anasema uchovu huu nilio nao si uvivu wala uzee, una jina na una tiba, na anataka kuniona kila baada ya wiki mbili. Mimi nilikwenda kumpeleka mtoto nikarudi na kadi yangu.

Kuna jambo nilikuficha. Niliandika kwamba nilimsemesha kidogo kwa ajili ya ule mto. Nilimpiga. Nilimpiga kwa rula ya mbao ya kukatia mpaka ikapasuka, naye hakupiga kelele ili majirani wasisikie.

Mshauri anasema watoto kama huyu wanasaidika wakimjua mtu mzima anayeishi na hali hii, hasa wa damu yao. Akaniuliza kama katika ukoo tunaye. Nikamwambia hatuna, aliyekuwa nayo tulishamzika.

Dada yako

29 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua ya Aprili niliipata mapema Mei. Lori halikukwama. Umesema kweli, ni mimi niliyekwama. Nimetembea nayo mfukoni hadi wino wa kwenye mikunjo umefutika. Hii ya Juni nimeisoma nikiwa juu ya greda, injini ikinguruma, nikazima, nikaisoma tena.

Umemwambia mshauri kwamba hatuna mtu. Mnaye.

Siku uliponipigia kwamba dada ametutoka, nilikuwa wodini. Kitanda cha karibu na mlango, kilo arobaini na tatu, kifua kikuu. Majibu yale mengine nilikuwa nimepewa asubuhi ileile. Ulisema, "Dada ametutoka," nikasema, "Barabara imekatika." Hata sijui neno hilo lilitoka wapi. Wewe ulikuwa unalia, hukuuliza barabara ipi. Nikajifunika shuka usoni, muuguzi akadhani nimelala.

Ningeweza kukwambia baadaye. Niliogopa, Dada. Nilijua watu wangemtazama aliye kaburini, halafu wangenitazama mimi na kuhesabu siku. Nikabadilisha namba, nikaomba kazi ya kambi ya mbali kuliko zote. Nilijiambia nakuepushia mzigo. Ukweli ni kwamba nilijiepushia macho yako.

Miaka minne sasa nameza. Vidonge viko kwenye kopo la grisi, ndani ya sanduku la spana. Saa moja asubuhi nazunguka nyuma ya tairi kana kwamba nakagua upepo. Msimamizi wetu ananisifu, anasema hajaona mwendesha greda anayejali matairi kama mimi. Habari ya pamba nilipoisoma ilinikata maini, maana mimi natumia kitambaa. Mtoto wa miaka kumi na tatu na mzee mzima tumebuni hila moja bila kuonana.

Afya yangu ni nzuri. Vipimo vya mwaka huu havikuona kirusi hata kimoja. Naviringisha tairi la greda peke yangu. Lakini sina anayejua, na jioni wenzangu wakikaa pamoja mimi nasema nina usingizi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine imekunjwa mara nne. Ni ya Chiriku. Unaweza kuisoma kwanza. Ukiona aibu kwa ajili yangu, ichome. Ukishindwa kunisamehe, usinisamehe, lakini niandikie.

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata Jumatano. Nikafunga duka saa nne asubuhi, wateja wakidhani nimefiwa.

Nimekukasirikia siku tatu. Ulidhani ningekukimbia? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka watu wakasema nitapinda? Wiki yake ya mwisho dada yetu aliniuliza mara mbili uko wapi. Alikufa akiamini kwamba katika watoto wa mama yetu ni yeye peke yake aliyepatwa. Mngekuwa wawili. Mngeteta wawili, mngecheka wawili kuhusu hizo ladha za chuma. Hilo ndilo linaloniuma, mazishi nimeshayasahau. Na wewe, kilo arobaini na tatu, hakuna hata mtu wa kukuletea uji! Siku ya nne hasira ikaisha, ikabaki hiyo namba. Naifikiria nikiwa nashona.

Karatasi ya Chiriku sikuisoma. Nilimpa aliporudi shule, nikamwambia imetoka kwa mjomba. Akaingia nayo nyuma ya pazia. Nikasikia inakunjuliwa, inakunjwa, inakunjuliwa tena. Mimi najifanya natia uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa umeshaingia zamani.

Mwishowe akaniuliza akiwa hukohuko nyuma, "Mama mkubwa, mjomba ni mnene?"

"Sijamwona miaka minne. Zamani alikuwa wa kawaida."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

Nadhani alikuwa anatoa kumi na tatu. Halafu akasema polepole, hakuwa ananiambia mimi, "Kumbe watu wanafika."

Sikuweza kushona tena siku hiyo.

Usifikiri mambo yamenyooka. Kuna siku anaamka na uso umefungwa, hasemi mpaka jioni. Pamba bado iko kwenye chupa. Kuna kundi la watoto kliniki kila Jumamosi. Mara ya kwanza alikwenda, ya pili akakataa kabisa, ya tatu akaenda bila kuniaga. Na sisi walezi tuna letu, kwenye chumba cha viti vya watoto, tunakaa magoti yamegusa kidevu. Juzi bibi mmoja anayelea wajukuu wawili alisema anaogopa kufa kabla hawajajua kujitegemea. Hakuna aliyeinuka kuondoka, na sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu.

Nimemwomba Chiriku msamaha kwa ajili ya rula. Aliinama akaokota kibiringo cha uzi kilichokuwa kimeanguka, akaniwekea mezani.

Hapa chini ameandika mwenyewe, sijamsahihisha:

*Mjomba, ukimeza huko, nani anajua?*

Dada yako

18 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mwambie Chiriku mimi si mnene wala si mwembamba, mkanda wangu nafungia tundu la tatu. Na wewe nakushukuru kwa zile siku tatu za hasira. Zimeniuma kuliko kama ungenyamaza, lakini ni miaka mingi mtu hajanikasirikia kama ndugu.

Swali lake limenikalisha. Jibu la kweli lilikuwa "hakuna." Niliandika hivyo, nikaitazama karatasi, nikaona siwezi kumtumia mtoto neno lile. Nikaichana. Kumdanganya nako nikashindwa.

Alhamisi asubuhi, badala ya kwenda nyuma ya tairi, nikachukua kopo langu nikaingia jikoni. Mpishi alikuwa peke yake anamenya viazi. Nikaweka kopo mbele yake.

"Umeniletea grisi ya kukaangia?" akasema.

"Fungua."

Akafungua, akatoa chupa, akasoma maandishi. Nikamwambia, "Ni zangu. Mwaka wa nne huu."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Kisha akauliza, "Ndiyo maana kikombe chako unakiosha mwenyewe na hutaki mtu akiguse?"

Hospitali walishaniambia kikombe hakiambukizi mtu. Lakini hofu haikusikia. "Ndiyo," nikasema.

Akaweka kisu mezani. "Miaka yote hii nawaambia watu kwamba unaringa."

Nikacheka, Dada. Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka. Halafu akachukua kikombe chake mwenyewe, akanitilia maji, akasema, "Haya, meza, watu wanataka chai."

Nikameza mbele ya mtu.

Sijui kama atanyamaza au kesho kambi nzima itajua. Hilo bado linanikosesha raha. Nimeomba likizo ya siku saba, inaanza tarehe tatu Septemba. Nitalala dukani, msihangaike na kitanda. Ila Chiriku asingoje hadi hapo. Mwambie leo, akirudi shule, kabla hajavua viatu: mpishi anajua.

Mdogo wako